Njia Panda Jukwaani: Maigizo Shirikishi na Maswali ya Majaliwa, Haki na Ujana wa Mtu

Maigizo shirikishi ni sanaa ya jukwaani inayompa mtazamaji kauli juu ya yale yanayotokea mbele yake. Katika igizo la kawaida watazamaji hukaa gizani, hucheka, hulia, hupiga makofi na kurudi makwao. Hadithi ilikwisha kuamuliwa kabla hawajaingia ukumbini. Katika igizo shirikishi mtazamaji anaweza kuusimamisha mchezo, kumshauri mhusika, kupiga kura ya hukumu, au kupanda mwenyewe jukwaani na kushika nafasi ya mwigizaji. Kwa sababu hiyo sanaa hii imekuwa chombo cha kuchunguza maswali matatu yaliyomsumbua mwanadamu tangu zamani. Je, yanayompata mtu yamekwisha kuandikwa? Ni nani mwenye haki ya kumhukumu mwenziwe? Na mtu mzima akikutana uso kwa uso na kijana aliyekuwa yeye miaka thelathini iliyopita, atamwambia nini?

Kwa wasemaji wa Kiswahili, kushirikisha hadhira si jambo geni. Mtambaji wa hadithi akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka wamjibu "Pakawa!" Hadithi ikifika penye wimbo, wote huitikia. Katika ngoma za vijijini duara halina pazia wala tiketi. Anayesimama pembeni akipiga makofi sasa hivi, dakika moja baadaye yuko katikati akicheza. Ukumbi wenye jukwaa la juu na viti vilivyopangwa mstari ulikuja na shule na vilabu vya wakoloni. Hata hivyo kuitikia si kuamua. Hadhira ya ngano huimba pamoja na mtambaji, lakini sungura atamlaghai fisi usiku huu kama alivyomlaghai jana. Maigizo shirikishi ya karne ya 20 yalikwenda hatua moja mbele: yaliikabidhi hadhira mwisho wa hadithi.

Ili kuona uzito wa hatua hiyo, inafaa kuanzia kwenye tamthilia ambayo hadhira yake haikuwa na uwezo wowote. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Sophocles wa Athens aliandika mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Mfalme Edipode. Mji wa Thebes umepigwa na tauni, na kauli ya miungu inasema ugonjwa hautaondoka mpaka muuaji wa mfalme aliyetangulia apatikane. Edipode anaapa mbele ya watu wote kwamba muuaji huyo atafukuzwa nchini, awe nani awaye. Anaita shahidi mmoja baada ya mwingine, anauliza, anabana, anatisha. Polepole ushahidi unageuka na kumwelekea yeye. Zamani, akiwa kijana anayekimbia utabiri kwamba atamuua baba yake na kumuoa mama yake, alifika mahali njia tatu zinapokutana. Mzee mmoja aliyepanda gari la farasi akataka kumsukuma nje ya njia. Kijana akapandwa na hasira, akamuua. Mzee yule alikuwa mfalme wa Thebes, na alikuwa baba yake mzazi.

Maswali yote matatu yamo katika hadithi hiyo moja. Kuna majaliwa, kwa kuwa mtu anakimbia utabiri na miguu yake inampeleka palepale anapopakimbia. Kuna haki, kwa kuwa hakimu, mshitakiwa na shahidi ni mtu yuleyule, na hukumu ilitangazwa kabla mkosaji hajajulikana. Na kuna mkutano na ujana, kwa kuwa mtu mzima mwenye taji anamtafuta mhalifu na kumkuta kijana wa njia panda, ambaye ni yeye. Watu wa Athens waliijua hadithi hiyo kabla ya kuketi. Hakuna aliyeweza kupaza sauti, "Mpishe mzee apite!" Na hata kama angepaza, ingefaa nini? Mchezo unaanza miaka mingi baada ya damu kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Karibu karne moja baadaye mwanafalsafa Aristotle aliusifu mchezo huo kuwa mfano wa tanzia bora. Kwa maelezo yake, mtazamaji humwonea huruma mhusika, huingiwa na hofu kwamba yangeweza kumpata na yeye, kisha hutakaswa hisia hizo. Maelezo hayo yalitawala mawazo ya watu kuhusu tanzia kwa karne nyingi. Mmoja wa walioyapinga kwa nguvu kubwa katika karne ya 20 ni Augusto Boal wa Brazil.

Boal alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931. Alisomea uhandisi wa kemikali, akaenda New York kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia, na huko akajifunza pia uandishi wa tamthilia. Mwaka 1956 alijiunga na kundi la Arena mjini São Paulo, akawa mmoja wa viongozi wake. Jeshi lilipotwaa madaraka mwaka 1964, kazi ya wasanii ikawa ya hatari. Mwaka 1971 Boal alikamatwa, akateswa, kisha akaenda uhamishoni Argentina. Mwaka 1974 kikatoka kitabu chake kuhusu thieta ya wanaokandamizwa, kilichochukua jina lake kutoka kwa kazi ya Mbrazil mwenzake, mwalimu Paulo Freire, juu ya elimu ya wanaokandamizwa. Hoja yake ilikuwa nzito. Tanzia inayomliza mtazamaji na kumrudisha nyumbani ametulia, alisema, inamfundisha kuyapokea mambo kama yalivyo. Mtu anayeona kila siku wakuu wakianguka kwa kudra waliyopangiwa hatauliza ni nani aliyepanga.

Boal hakuifikia hoja hiyo kwa kusoma tu. Alisimulia mara nyingi kisa kilichomtokea kaskazini-mashariki mwa Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kundi lake lilikuwa limewachezea wakulima igizo la kuwahimiza wapambane na wenye mashamba. Mwishoni waigizaji waliinua bunduki zao na kuimba kwamba damu na imwagike ili ardhi ikombolewe. Mkulima mmoja, Virgílio, aliwajia machozi yakimtoka. Akawaalika wale chakula, kisha wachukue bunduki zao waende pamoja naye kumtoa askari wa mwenye shamba aliyemvamia mwenzao. Waigizaji wakaona haya. Wakaeleza kwamba bunduki zao ni za mbao. Virgílio akajibu kwamba bunduki za kweli zipo za kutosha. Wakaeleza tena kwamba wao ni wasanii, si wapiganaji. Ndipo mkulima akaelewa kwamba damu waliyokuwa wakiiimba ni ya wakulima, si yao. Tangu siku hiyo Boal aliapa kutowaambia watu wafanye jambo ambalo yeye mwenyewe hayuko tayari kulifanya.

Kisa cha pili kilitokea Peru mwaka 1973, Boal alipokuwa akifanya kazi katika kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga. Wakati huo waigizaji walikuwa wakicheza tatizo hadi penye uamuzi, wanasimama, wanawauliza watazamaji mhusika afanye nini, kisha wanaigiza ushauri uliotolewa. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma alileta kisa chake mwenyewe. Mumewe alikuwa akichukua fedha zake kila mara, akisema anajenga nyumba, na kumpa makaratasi ayatunze kama stakabadhi. Jirani anayejua kusoma alipoyafungua, akakuta ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine. Mume atarudi kesho. Mke afanye nini?

Watazamaji walitoa mashauri mengi. Mwanamke mmoja mwenye mwili mkubwa alisema mke amfungulie mume mlango, wazungumze waziwazi, kisha amsamehe. Mwigizaji akajaribu. Mwanamke akatikisa kichwa: sivyo. Mwigizaji akajaribu kwa ukali zaidi. Sivyo. Alipojaribu tena na tena, na mwanamke bado amekunja uso, Boal alimwomba apande mwenyewe aonyeshe. Akapanda, akamkamata mwigizaji aliyekuwa mume, akampiga kwa fagio huku akimweleza makosa yake moja baada ya jingine. Alipotosheka alimsamehe, akaketi mezani, akamwamuru aende jikoni amletee chakula. Ndiyo maana aliyokuwa nayo katika maneno "mazungumzo ya wazi", na hakuna mwigizaji ambaye angeweza kuikisia.

Kutokana na tukio hilo Boal aliunda mtindo ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa igizo la baraza, kwa kuwa unafanana na kikao ambacho kila mtu ana haki ya kusema. Utaratibu wake ni huu. Waigizaji hucheza igizo fupi lenye mwisho mbaya: mtu anaonewa, anajitahidi, anashindwa. Kisha hulicheza tena tangu mwanzo. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, "Simama!" Waigizaji hukaa kimya kama picha. Mtazamaji hupanda, huchukua nafasi ya anayeonewa, na kujaribu njia nyingine. Waigizaji wengine hawamrahisishii; humpinga kwa nguvu zilezile ambazo dunia ingempinga. Katikati yao yuko mwendeshaji, ambaye hatoi majibu. Kazi yake ni kuiuliza hadhira: je, hili linawezekana, au ni muujiza? Mtazamaji akimfanya tajiri katili ageuke mwema ghafla, hadhira yenyewe hukataa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha mtindo huu unavyofanya kazi. Igizo linamhusu msichana wa miaka kumi na mitano anayetolewa shuleni ili aolewe. Katika onyesho la mwisho amesimama mlangoni, sare yake ya shule imekunjwa juu ya kigoda, na washenga wanangoja nje. Mtazamaji wa kwanza anapanda na kumfokea baba. Mwigizaji wa baba anajibu kwa utulivu kwamba ng'ombe wa mahari wamekwisha kupokewa, na wawili kati yao wamelipa deni la matibabu ya mama. Jazba ya mtazamaji inaisha, hana jibu. Wa pili anaona kwamba pale mlangoni wamechelewa, hivyo anaomba mchezo urudishwe nyuma, siku mshenga alipofika mara ya kwanza, na badala ya kugombana na baba anamtafuta shangazi. Wa tatu anarudi nyuma zaidi, siku mama alipougua, na kuuliza kwa nini familia haikukaa kikao cha kuchangiana. Kila mmoja anashindwa kwa namna yake, lakini kila mmoja anasogea karibu na mahali njia zilipoachana. Jambo ambalo mwanzoni lilionekana limeandikwa linaonekana sasa kuwa mnyororo wa kukubali kudogo kudogo, na kila pete ya mnyororo ina mtu aliyeishika.

Mfano huu una upande wake wa kisheria katika nchi halisi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka kumi na mitano kwa ridhaa ya wazazi, na hata kumi na minne kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo. Jambo ambalo vizazi vilikuwa vimeliita desturi, na pengine majaliwa ya mtoto wa kike, lilikuwa limeandikwa na mkono wa binadamu katika kifungu chenye namba.

Boal mwenyewe aliunganisha jukwaa na sheria. Alirudi Brazil mwaka 1986, na kuanzia 1993 hadi 1996 alikuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro. Vikundi vyake vya maigizo vilizunguka mitaani na katika taasisi mbalimbali, vikicheza matatizo ya wenyeji na kuandika mapendekezo yaliyotolewa na watazamaji waliopanda jukwaani. Wanasheria waliyachambua mapendekezo hayo na kuyageuza miswada. Sheria 13 zilipitishwa kwa njia hiyo, mojawapo ikihusu kuwalinda mashahidi wa uhalifu. Boal alifariki mwaka 2009.

Swali la haki limezaa pia mtindo mwingine wa ushirikishaji, ule wa kuigeuza hadhira kuwa baraza la mahakama. Mwaka 1935 mchezo wa Ayn Rand uitwao Night of January 16th ulifika katika kumbi za Broadway, New York. Kila usiku watazamaji kumi na wawili waliitwa kuketi kama wazee wa baraza, wakasikiliza kesi ya mwanamke aliyeshitakiwa kumuua mwajiri wake, na mwisho wakatoa uamuzi. Waigizaji walikuwa na miisho miwili tayari, mmoja wa mwenye hatia na mwingine wa asiye na hatia.

Miaka 80 baadaye, mwaka 2015, mwanasheria na mwandishi wa Ujerumani Ferdinand von Schirach aliuchukua mtindo huo katika mchezo wake Terror. Gaidi ameiteka ndege ya abiria 164 na anaielekeza kwenye uwanja wa mpira wenye watu 70,000. Rubani wa jeshi anaidungua bila amri. Abiria wote wanakufa, watu wa uwanjani wanapona. Hadhira ndiyo inayoamua kama rubani ana hatia ya mauaji. Tarehe 17 Oktoba 2016 mchezo huo ulirushwa kwenye televisheni, watazamaji wakapiga kura kwa simu na intaneti. Nchini Ujerumani karibu asilimia 87 ya waliopiga kura walimwachia huru.

Matokeo hayo yaliwashtua wanasheria wengi. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikuwa imeifuta sheria iliyoruhusu kudungua ndege ya namna hiyo, kwa hoja kwamba utu wa binadamu haupimwi kwa hesabu, na abiria wasio na kosa hawawezi kufanywa chombo cha kuwaokoa wengine. Wakosoaji walisema pia kwamba mchezo uliwapa watu majibu mawili tu, ndiyo au hapana, ilhali sheria inajua kwamba tendo linaweza kuwa kosa na mtendaji akawa na udhuru. Ukosoaji huo unafunua tofauti kubwa kati ya kura na kupanda jukwaani. Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Anayebonyeza kitufe akiwa kitini anahukumu bila gharama. Katika igizo la baraza anayetaka kuhukumu sharti ashike nafasi ya mtu, asikie uzito wa maneno ya mpinzani wake, na aone ushauri wake mwenyewe ukivunjika mbele ya macho ya wenzake. Hapo haki huanza kufahamika kama kazi ya kushiriki na kuvumilia, maana kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika pamoja na wanakijiji mchezo wa Kikuyu uitwao Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakitazama walisahihisha lugha, wakakosoa nyimbo, wakaeleza kazi za kiwandani zinavyofanywa hasa. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotengeneza bunduki za Mau Mau katika miaka ya 1950. Sasa, umri umesogea, mikono ileile ilitengeneza bunduki za kuigiza. Mchezo ulifunguliwa mwezi Oktoba, mwezi Novemba serikali ikaupiga marufuku, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga wenyewe ulibomolewa mwaka 1982.

Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongoza pamoja na wenzake kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Wasanii hawakufika na mchezo mkobani. Walianza kwa kukaa na wenyeji na kuuliza matatizo yao, wakayachambua pamoja nao, wakayageuza maonyesho kwa kutumia ngoma na sanaa za hapohapo, kisha wakaendesha majadiliano baada ya kila onyesho. Katika maandishi yake Mlama alitilia mkazo kwamba wananchi washike hatamu tangu hatua ya kwanza, la sivyo sanaa hubaki kipaza sauti cha wakubwa.

Linabaki swali la tatu, la mtu kukutana na ujana wake. Hapa mwanzilishi ni Jacob Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na kukulia Vienna. Tarehe 1 Aprili 1921 alifungua pazia la ukumbi mmoja wa Vienna, na watu wakaona jukwaa lenye kiti kimoja tu cha enzi, chekundu, na taji la dhahabu juu yake. Hapakuwa na waigizaji wala maandishi. Austria ilikuwa imeshindwa vitani na imepoteza mfalme wake. Moreno akaialika hadhira, yeyote anayejiona anafaa kuongoza apande aketi. Watu walipanda mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekubaliwa.

Baadaye aliunda kundi la waigizaji waliocheza bila maandishi. Katika kundi hilo alikuwamo msichana aliyemwita Barbara, hodari katika nafasi za wanawake wapole. Aliolewa na kijana aliyeitwa George, mtazamaji wa kila siku. Kabla muda mrefu haujapita George alimjia Moreno amesononeka: mke ambaye jukwaani ni malaika, nyumbani anatukana na kupiga. Moreno akambadilishia Barbara nafasi, akampa za wanawake wakali na wa mitaani. Hasira zake za nyumbani zikapungua. Kisha akawapandisha wote wawili wacheze ugomvi wao wenyewe, na hatimaye matukio ya utotoni mwao na ndoto zao za siku za usoni. Watazamaji walimwambia Moreno kwamba maonyesho hayo yaliwagusa kuliko mengine yote. Mwaka 1925 alihamia Marekani, na mwaka 1936 akafungua hospitali huko Beacon, jimbo la New York, yenye jukwaa lake la kutibia watu kwa maigizo.

Katika mtindo wa Moreno, jambo la zamani huchezwa kama linatokea sasa. Mtu mwenye umri wa miaka hamsini anayejilaumu kwa uamuzi wa ujanani huchagua mmoja wa wenzake awe yeye alipokuwa na miaka kumi na minane. Viti viwili hupangwa vikitazamana. Kwanza huulizwa kuhusu mambo madogo: alivaa nini siku hiyo, alisimama wapi, mfukoni alikuwa na nini. Kisha huanza kumsemesha kijana, na mara nyingi maneno ya kwanza huwa lawama. Baada ya muda mwongozaji humwomba wabadilishane viti. Sasa mtu mzima ameketi kwenye kiti cha kijana, na analazimika kujijibu kwa kinywa cha miaka kumi na minane, akijua yale tu ambayo kijana yule aliyajua.

Kubadilishana viti ndiko kunakoleta haki katika mkutano huo. Kanuni moja ya zamani ya sheria inakataza mtu kuhukumiwa kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo lake. Watu wanaiheshimu kanuni hiyo mahakamani, na kuivunja kila siku ndani ya nafsi zao. Mtu mzima humhukumu kijana aliyekuwa yeye kwa maarifa yaliyokuja baadaye, kwa fedha ambazo kijana hakuwa nazo, kwa ujasiri uliozaliwa na makosa yaleyale anayoyalaumu. Methali ya kitanda na kunguni hapa inapata maana ya pili: kitanda hicho alikilalia mwenyewe, ila amewasahau kunguni. Kiti cha kijana humkumbusha. Majibu yakitolewa kwa kweli, huonekana waziwazi ni sehemu gani ya kosa iliyokuwa hiari yake na ni sehemu gani iliyokuwa mzigo aliotwikwa. Sehemu ya kwanza anaweza kuitubia na kuilipia. Sehemu ya pili anaweza kuitua.

Tofauti kati ya kukutana huko na kukumbuka tu inaonekana vizuri katika mchezo wa Samuel Beckett, Krapp's Last Tape, uliochezwa London mwaka 1958. Mzee wa miaka 69 anasikiliza utepe wa sauti yake aliyoirekodi akiwa na miaka 39. Anaurudisha nyuma, anaupeleka mbele, anakasirika, anausikiliza tena. Sauti ya zamani haiwezi kumjibu, na yeye hawezi kuisemesha. Majuto ya namna hiyo ni mjukuu asiye na babu wa kumwuliza. Jukwaa la Moreno humpa kijana huyo mdomo.

Kazi kama hii ina hatari zake. Kidonda kinachofunguliwa mbele ya watu sharti kifungwe kabla watu hawajatawanyika. Kwa hiyo utaratibu wa Moreno una sehemu tatu: kuwapasha watu joto, kuigiza, na kushirikishana. Katika sehemu ya mwisho wenzake hawamchambui wala hawampi mawaidha aliyeigiza. Kila mmoja husema ni wapi kisa hicho kimegusa maisha yake mwenyewe, ili aliyeigiza asitoke ukumbini akiwa amebaki uchi peke yake. Igizo la baraza nalo laweza kuharibika pale jibu linapoamuliwa mapema na wenye fedha za mradi, na watazamaji wakaitwa kuthibitisha tu. Na somo la Virgílio halijapitwa na wakati: anayewahimiza wengine wapambane sharti aonyeshe yeye mwenyewe atasimama wapi bunduki zisizo za mbao zitakapotokea.

Palipo na uaminifu huo, maigizo shirikishi hufanya jambo ambalo tanzia ya kale haikuweza. Ajali haina kinga, na hakuna jukwaa linalofufua wafu wala kurudisha siku. Mzee aliyeuawa kwenye njia tatu za Edipode atabaki maiti. Lakini hadhira inayousimamisha mchezo pale njia panda, ikampandisha mmoja wao, ikamwona akinyoosha mkono wa kupiga kisha akiushusha, imejifunza kwa mwili wake kwamba mkono unaweza kushushwa. Kesho yake mtu huyo atakutana na mzee mwingine anayemsukuma kando ya njia, na safari hiyo hapatakuwa na wa kupaza sauti "Simama!" isipokuwa yeye mwenyewe.